Fundo la Macho Manne

Kambini, tarehe 4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, ila mdomo umelala kwa kukosa wa kuzungumza naye.

Tumehamia mnara wa nne. Mita sabini na mbili kutoka chini, kutu tupu. Asubuhi nakwangua kwa brashi ya waya, mchana napaka rangi, jioni natema vumbi jekundu. Kichekesho ni kwamba tunapaka rangi minara ya simu na sisi wenyewe hatuna mtandao, maana hakuna hata mmoja uliowashwa. Hata ungewashwa ingenisaidia nini? Ile simu niliyokununulia uliifungia kabatini. "Simu haibebi fundo," ukaniambia, na picha nayo eti haishikiki.

Haya, nimekuletea fundo. Ndani ya bahasha kuna vipande viwili vya uzi. Cha kwanza ni Bibi, fundo lenye umbo la namba nane, ambaye ulinifundisha kwamba ukimtazama tu unajua kama anaumwa. Cha pili ni Shemeji, kitanzi kinachofungika upesi na kufunguka upesi. Akiwa na mzigo ni mwaminifu, ukimpumzisha anatoroka, kwa hiyo mkia wake nimeufungia fundo la ziada kama ulivyoniagiza.

Sababu ya kukutumia ni hii. Mrefu, yule mwenzangu, ameondoka. Amepata kazi ya kuendesha winchi, kazi ya kukaa kitini, na simlaumu. Lakini yeye ndiye alikuwa macho yangu. Yeye akifunga, mimi nakagua. Mimi nikifunga, yeye anakagua. Fundo ni la macho manne, ulinifunza hivyo kabla hujanifunza hata kufunga. Sasa waliobaki ni wanaume wanane, na kila mmoja ana wake. Msimamizi anapita na ubao wake wa karatasi. "Umefunga?" Nimefunga. Anaweka tiki. Kiunoni kwangu hatazami hata kidogo, anatazama karatasi.

Basi nimeamua kila fundo ninalolitegemea nikufungie mfano wake, ulishike, ulikague, unijibu. Najua barua inachukua wiki nzima na mimi napanda kesho. Ni upuuzi, najua. Lakini nikiwa kule juu najiambia yuko mtu mahali fulani atalishika fundo hili, na miguu inakubali kupanda.

Mpwa wako,
Kupe

Barua yako iliyopita mistari yote ilikuwa inateremka kama inakwenda kuteka maji. Ulikunywa nini?


Nyumbani, tarehe 13 Februari

Mpwa wangu Kupe,

Marahaba, mama. Mistari inateremka kwa sababu mguu mmoja wa meza umeoza. Usinitafutie makosa, mkaguzi hapa ni mimi.

Bibi nimemshika. Mzima, hana hata mafua. Shemeji naye umemfunga mkia vizuri, hatoroki. Panda.

Huyo msimamizi wako mwambie mjomba wako anamsalimu, na kwamba tiki haijawahi kumdaka mtu anayeanguka. Aa, basi usimwambie, utafukuzwa kazi. Lakini ujue nimekasirika mpaka chai imenipalia.

Unajua kwa nini nilianza kuyapa mafundo majina? Nilipoingia kwenye kazi ya kukata miti iliyoinamia mapaa ya watu, fundi aliyenifundisha alikuwa na mafundo kumi na moja na hakuna lililokuwa na jina. "Funga lile," anasema. Lile lipi? Siku moja mwenzangu akafunga "lile" jingine, akaning'inia kichwa chini miguu juu, chini yake banda la kuku, mpaka tukaazima ngazi mtaa wa pili. Kuku hawakutaga wiki nzima. Ndipo nikasema haya mafundo nitayapa majina ya ukoo. Mtu anaweza kusahau namba, lakini kasoro za shemeji yake hasahau mpaka kaburini.

Na fundo Kupe, lile la kamba ndogo inayozungushwa kwenye kamba kubwa, unalisukuma juu linakwenda, ukilitundikia uzito linauma papo hapo. Hilo lilipata jina siku uliyoning'ang'ania mguu nisiende kazini. Ulikuwa na miaka minne. Nilitembea na wewe mguuni mpaka barabarani, watu wanacheka, wewe umefumba macho.

Hapa nyumba imepoa. Mama Cherehani, jirani, hupita jioni kuniuliza kama nimekula. Redio imekwisha betri na sijaona haraka ya kununua nyingine.

Nina ombi. Kama mna kamba kuukuu mnayotaka kutupa, nipatie kama mita thelathini. Nene. Ya kuanikia nguo.

Na uandike kwa kalamu nyeusi, herufi ziwe kubwa. Mwandiko wako siku hizi una uchoyo.

Mjomba wako


Kambini, tarehe 24 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Je, herufi zinatosha sasa, au nije nizichore kwa brashi ya rangi?

Kamba nimempa dereva wa lori la maji, atakuachia kwa Mama Cherehani. Mita thelathini kwa mashati mawili! Au umeoa na hukuniambia?

Yaliyopo ni haya. Kamba zote za zamani zimeondolewa, zimeletwa mpya. Pamoja nazo umekuja ubao mkubwa uliochorwa mafundo, namba moja mpaka namba sita. Jana nilisema mbele ya wote, "Ngojeni nimfunge Bibi," msimamizi akanikata kauli. "Hapa hakuna bibi wala shemeji. Hapa ni kazini. Sema namba moja." Wanaume wakacheka. Mpishi peke yake hakucheka, aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele. Nikasema namba moja. Siku nzima nikajiona kama niliyemkana mtu wa kwetu hadharani.

Mjomba, kamba hizi zinanitia wasiwasi. Ile ya zamani ilikuwa nene kama kidole gumba, ina manyoya kidogo, mkono unaisikia. Hii ni nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho, ngumu, inateleza kama imepakwa sabuni. Nimekukatia kipande chake chenyewe, shubiri moja, na juu yake nimemfunga Kupe, mizunguko mitatu kama ulivyonifunza. Mtazame vizuri. Mitatu inatosha kwa kamba ya namna hii, au niongeze? Kwenye ule ubao wamechora mitatu, lakini mimi ubao siujui. Nakujua wewe.

Kuuliza si ujinga. Mpaka jibu lako lije nafanya kazi za chini kwenye ngazi.

Jumapili wenzangu walikwenda sokoni wawili wawili. Mimi nilifua, nikaanika, nikakaa nikatazama nguo zikikauka. Usicheke.

Kupe


Nyumbani, tarehe 5 Machi

Mpwa wangu,

Sikucheki. Nguo zikikauka ni jambo zuri la kutazama kama huna jingine.

Kamba imefika, na dereva amekunywa maji vikombe vitatu, ajabu kwa mtu wa lori la maji. Sasa nguo zinakauka vizuri sana.

Ubao wa namba usikuumize kichwa. Mdomoni sema namba, moyoni taja jina. Namba moja haina tabia, hivyo huwezi kujua ikibadilika. Bibi akibadilika unamjua.

Kupe nimemshika. Nimemvuta, ameuma. Mizunguko mitatu inatosha. Imenitosha miaka ishirini na saba, kwenye mvua na kwenye jua, na nilikuwa mzito kuliko wewe. Kamba ni kamba, mama. Ondoa wasiwasi, panda.

Siku hizi nalia chakula mlangoni, pana mwanga. Wapita njia wananisalimu, naitikia hata wasionisalimu mimi. Jana nilimwitikia mtu aliyekuwa anamwita mbuzi wake.

Leta fundo jingine. Usikae kimya muda mrefu.

Mjomba wako


Kambini, tarehe 17 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandika kwa mkono wa kushoto. Uji wa moto umenimwagikia kiganja cha kulia. Si kitu. Nimepewa siku chache za kupumzika, nalala hemani nasikia makopo ya rangi yakigongana kule juu.

Nimekuletea Bibi. Naomba umkague kwa makini.

Kupe


Nyumbani, tarehe 26 Machi

Mpwa wangu Kupe,

Pole sana, mama. Mtu anaweza kushika chuma mita sabini juu halafu akashindwa na bakuli la uji! Weka kiganja kwenye maji safi ya baridi, na usikubali mtu akupake dawa ya meno wala mafuta. Barua yako ilikuwa fupi, nimeimaliza kabla sijakaa sawa.

Bibi nimemkagua kwa makini kama ulivyoomba. Mzima, mrembo, ukimwachia ataolewa tena. Panda bila wasiwasi.

Mjomba wako


Kambini, tarehe 4 Aprili

Mjomba,

Yule hakuwa Bibi.

Niliukunja uzi mara mbili nikapiga pindo moja tupu, kama mtu anayefunga mfuko wa chumvi, tena mkia nikauacha mfupi kama ukucha. Mtoto wa chekechea angeona kwamba ile si nane. Wewe, uliyewahi kunishusha mtini nikiwa nimekwisha panda kwa sababu nyuzi mbili zimepishana, umeniambia mrembo, ataolewa tena.

Nilikutega, na naomba radhi kwa hilo, lakini nilikuwa na sababu. Uji haukunimwagikia. Kambini uji haupikwi kabisa. Tarehe 14 Machi, baada ya kupata jibu lako, nilimfunga Kupe mizunguko mitatu kwenye kamba mpya, nikapanda. Nikiwa kama mita hamsini nikaegemea nyuma nifikie kona ya chuma. Kupe hakuuma. Aliteleza. Nikateremka na yeye, sijui nilipiga kelele au la, nikaishika kamba kwa mkono mtupu, nikasikia harufu ya ngozi yangu mwenyewe. Mita nne. Kamba ya pili, ile ya akiba, ndiyo iliyonidaka. Nilikaa pale nikihesabu boliti zilizo mbele ya uso wangu, zilikuwa kumi na sita, na hakuna aliyekuja mpaka nilipopata sauti ya kuita.

Kuteleza nakusamehe. Kamba ni mpya, kila mtu anakosea, na mita nne si kaburi. Nilipolala hemani nikajisemea labda ulichoka siku ile, labda mwanga ulikuwa mdogo. Ndipo nikakutumia lile fundo la mfuko wa chumvi, ili nijiridhishe tu. Nilikuwa na hakika utanitukana. Nilikuwa nayasubiri matusi yako kwa hamu, Mjomba.

Sasa nakuuliza. Umekagua mafundo yangu mangapi bila kuyatazama? Unayatupa jalalani kisha unaandika "panda"? Kama umechoka na mimi si ungesema? Kumbe tangu Februari nimekuwa nikining'inia peke yangu na sikujua. Ningejua ningejiangalia mara mbili. Kinachoniuma ni kwamba sikujiangalia mara mbili, kwa sababu nilijua upo.

Sina fundo la kukuletea.

Mpwa wako


Dukani kwa cherehani, tarehe 11 Aprili

Mwanangu,

Utanisamehe kukuandikia bila kuitwa. Mimi ni yule jirani wa mjomba wako, niliyekushonea sare ya shule ukaikataa kwa kuwa mifuko ilikuwa midogo na ulitaka ya kuweka kamba. Yeye hajui kama naandika. Akijua atanisusia mwezi mzima, na asusie tu.

Barua zako namsomea mimi. Tangu Agosti. Jicho la kulia lilifunga kabisa mwaka jana, la kushoto linaona mwanga wa mlango na vivuli vya watu. Zake anaandika mwenyewe, kaweka rula chini ya mstari, na rula ikiteleza mistari nayo inateleza. Meza yake haina ugonjwa wowote, miguu yote minne mizima.

Na vidole unajua mwenyewe, ule msumeno wa mashine ulimtetemesha miaka na miaka mpaka ncha zimekufa. Akishika uzi wako mwembamba ni kama anashika hewa. Nilikuwa namwona anaugeuza, anauweka mdomoni, anaugusa kwa midomo, kisha anasema, "Andaa bahasha." Mimi fundi wa nguo, mafundo ya kupandia siyajui, nikadhani ameona kwa njia anayoijua yeye. Ile kamba mpya nilimwambia ni nyeupe ina mistari ya bluu. Akasema rangi haina kazi. Kwamba ni nyembamba nilimsomea, lakini alikuwa amekwisha kushika kalamu.

Ile mita thelathini haijawahi kuanikiwa hata leso. Ameivuta ndani ya nyumba, kutoka kitandani mpaka mlangoni, mlangoni mpaka jikoni, jikoni mpaka chooni na bombani, na kila panapopinda ameweka fundo, kila fundo la aina yake. Kamba nene kiganja chake kinaisikia. Anatembea humo ameishika, anasalimia mafundo kwa majina, "Bibi, nipishe." Mara ya kwanza nilipomwona nilirudi dukani nikashona mkono wa shati upande usio wake.

Ugonjwa wenyewe ni mtoto wa jicho. Daktari alisema ni kitu cha asubuhi moja, kinaondolewa, mtu anarudi kwake. Ila wanataka mtu wa kumsindikiza na kumrudisha, na jina lake liandikwe kwenye fomu. Nikamwambia niandike mimi. Akasema ana mtu wake, atakuja. Tarehe imempita mara mbili, fomu iko chini ya godoro, pale mahali pa jina ni peupe.

Barua yako ya mwisho nimemsomea jana. Nilipofika kwenye zile mita nne nilitaka kupitiliza. Nikageuza karatasi. Akasema, "Soma, na usiruke." Nikasoma mpaka mwisho. Akaniomba nirudie palipoandikwa "nilijua upo". Nikarudia. Kisha akasema niende zangu, chai aliyonipa sikuinywa, na yake ilipoa kwenye kikombe. Asubuhi nimemkuta amekaa pale pale mlangoni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu, na huyu nusura maradhi yake yakuumbue wewe. Mimi simtetei mtu. Nimekwambia nilichokiona.

Jirani yenu,
Mama Cherehani


Nyumbani, tarehe 13 Aprili

Mpwa wangu Kupe,

Naandika mwenyewe, na Mama Cherehani nimemtoa nje. Mistari ikipandana utanivumilia.

Sikuchoka na wewe. Na mafundo yako sikuyatupa, yote yapo kwenye kopo la majani ya chai, hata lile la mfuko wa chumvi. Sikuyaona. Sioni, mama. Vidole navyo ulishavijua tangu zamani, sasa macho yamevifuata.

Nilijiambia maneno mengi. Nilijiambia huyu mtoto nimemfunza mwenyewe, mikono yake naijua, hawezi kufunga vibaya. Kwa hiyo nikiandika "mzima" sisemi uongo, nasema ninachokiamini. Bibi na Shemeji uliwafunga sawa, nami nikajiona mjanja. Ulipouliza juu ya kamba mpya, pale ndipo nilipokosa. Lile halikuwa swali la kuamini, lilikuwa la kuona. Mama Cherehani alinisomea kwamba ni nyembamba na inateleza, na mtu wa kazi yangu akisikia neno hilo anajua jibu. Kamba nyembamba yenye kuteleza haitaki mitatu, inataka mitano, na hata hiyo ujaribu karibu na ardhi kabla hujaiamini. Nalijua hilo kuliko jina langu. Lakini nikaogopa nikianza kusema "nadhani", utaniuliza kwa nini nadhani wakati kipande ninacho mkononi.

Nikuambie lililo chini kabisa? Kila bahasha yako ilikuwa na fundo. Hujawahi kuniandikia barua bila fundo. Nikahesabu: fundo likikoma, barua inakoma. Ukijua mkaguzi haoni, utatafuta mkaguzi mwingine, kama ipasavyo, na mimi nitabaki na wapita njia na mbuzi wao. Kwa ajili ya hilo nikakuacha upande mnara. Nimekuwa mpweke mpaka nimekuwa mwizi. Nimeiba macho mawili katika macho yako manne, nikayaweka nyumbani yanizungumzishe.

Sikuombi unisamehe leo. Pona kiganja kwanza. Mafundo yako tafuta mtu wa hapo hapo ayaone, mtu yeyote mwenye macho na subira, hata kama hajawahi kupanda kitu. Usinitumie tena.

Nami nina kamba yangu humu ndani, Mama Cherehani najua amekwisha kukuambia, yule hawezi kukaa na neno siku mbili. Nimeifunga mwenyewe kwa viganja, mafundo tisa. Manane nimeyapa majina. La tisa liko mlangoni, ndilo ninaloegemea nikisubiri tarishi, na jina lake sijalipata. Hakuna mtu aliyeikagua kamba hiyo. Miaka yote nimefunza watu fundo ni la macho manne, na mimi natembelea kamba isiyo na hata jicho moja.

Mjomba wako


Kambini, tarehe 22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Usipapase bahasha, haina fundo. Mama Cherehani atakuhakikishia. Ni barua tu, na nimeiandika kwa sababu nilitaka kukuandikia.

Nimekasirika bado. Nalisema sasa kwa sababu nikikuona nitasahau. Ungeniambia huoni ningekuandikia mara mbili zaidi, wewe mzee wa ajabu! Nani alikuambia nilikuwa natafuta mkaguzi? Bibi namfunga sawa tangu nina miaka kumi na tisa, hata nikiwa na usingizi. Sikuwa na haja ya kukaguliwa kila wiki mbili. Hapa hakuna anayeniita kwa jina, Mjomba. Wananiita "wewe wa mnara wa nne". Fundo ndilo lililokuwa kisingizio changu. Sikujua na wewe una chako.

Kupe sasa ana mizunguko mitano na kamba yake ndogo nimeibadilisha. Nimemjaribu nusu mita kutoka chini, nikarukaruka juu yake kama kichaa, hakusogea. Nimemwonyesha msimamizi kiganja changu. Alikitazama muda, kisha akafuta mizunguko mitatu kwenye ubao akachora mitano. Anayenikagua ni Mpishi. Nilimfundisha kwa kamba za viatu juu ya meza ya jikoni, siku tatu. Mtu anayechagua mawe kwenye mchele wa watu kumi ana macho usiyoyaona popote. Siku ya kwanza alinizuia nisipande. "Huyu Bibi mkia wake mfupi," akasema. Nikabisha. Tukapima. Ulikuwa mfupi kweli.

Anasema Bibi, hasemi namba moja. Jana fundi mmoja aliyewahi kunicheka amekuja jikoni kuuliza kama Mpishi anaweza kumtazamia na yeye Shemeji wake.

Msimamizi amenipa siku kumi na mbili. Natoka Jumamosi ya wiki ijayo na lori la maji, Jumatatu asubuhi nitakuwa hapo. Mwambie Mama Cherehani aitoe ile fomu chini ya godoro aikunjue. Pale mahali pa jina pasiandikwe kitu, nitaandika kwa mkono wangu. Daktari akitoa kitambaa, mtu wa kwanza utakayemwona nitakuwa mimi, na nimeungua uso kwa jua, kwa hiyo usishtuke.

Ile kamba yako nitaikagua fundo kwa fundo, kuanzia kitandani, wewe ukinitajia majina. La tisa tutalitafutia jina tukiwa wote wawili. Mpaka hapo, tafadhali, lete kiti ukae. Usiliegemee mpaka nije nilione.

Mpwa wako,
Kupe